Chupa ya Embe Iliyopanda Basi

Nyumbani,
tarehe 3 Februari

Kwa binti yangu mpenzi wa maabara,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo ukiwa mzima na umekula, maana nakujua, ukishika kazi unasahau kama una tumbo. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, ila mgongo. Anakusalimu, anasema viatu vya watu vinapona kila siku ila fundi wake ndiye haponi. Kaka yako hajambo, bado anatengeneza baiskeli za watu na ya kwake haina breki. Wifi yako hajambo, anakusalimu, anauliza kile kitambaa ulichomwahidi kimefia wapi, mimi simo. Mama Pasheni wa meza ya pili hajambo. Bwana Tikiti wa meza ya tatu hajambo, mdomo wake ndio umeshindikana. Paka naye amezaa tena, safari hii ndani ya kikapu cha viatu vya wateja.

Na mwanao Bi Mkubwa hajambo kabisa. Ameniambia nikuandikie kwamba sasa yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na babu lazima aombe ruhusa kabla ya kukohoa. Ana miaka minne na amri za mtu wa hamsini.

Baada ya salamu, mwanangu, nina dukuduku. Ile simu ya Jumapili imenikaa kooni. Nimeona bora tuandikiane, nimpe dereva wa basi la asubuhi naye arudi na jibu lako, kwa sababu kwenye simu ukinikatisha napaza sauti, na majirani wote wanapata habari zetu bila kuuliza. Kwenye barua huwezi kunikatisha.

Ulisema mmepima juisi za barabarani huko mjini kwenu mkakuta uchafu. Sawa, hao ni wa huko, siwajui na siwatetei. Lakini ukaongeza, "Na wewe Mama uache." Niache nini? Mimi nauza juisi tangu ukiwa unakaa chini ya meza unanyonya kokwa. Hukufa. Umekua, umesoma, umevaa koti jeupe, sasa unaniambia niache.

Basi nakutumia chupa. Embe tupu ya leo asubuhi, nimeitengeneza kwa namna yangu ya siku zote, nimeizungushia taulo la maji na barafu, na dereva nimemwambia asiiweke karibu na injini. Ipime mbele ya huyo mkuu wako wa kazi. Kisha uniandikie kwa mkono wako kwamba juisi ya mama yako ni safi, niibandike mezani watu wasome.

Mwanao alikuwa anaharisha wiki iliyopita, usishtuke, ni tumbo la watoto tu. Bwana Dawa wa dukani alinipa vile vidonge vya rangi mbili, nikamfungulia kwenye uji, sasa anakimbia. Yeye ndiye mwonjaji wangu. Glasi ya kwanza kila asubuhi ni yake, akikunja uso na kusema "haijakolea," naongeza embe. Hajakosea hata siku moja.

Nijibu.

Mimi mama yako.


Maabara,
tarehe 8 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua na chupa vimefika. Dereva alikuja mpaka getini akaita kwa sauti, "Juisi ya mama wa maabara!" Wenzangu hawajamaliza kucheka. Mkuu wangu akataka kuonja, nikamzuia, halafu nikaona haya kwa nini nimemzuia.

Sikuomba chupa. Lakini imefika, nimeipima. Majibu hayatoki papo hapo. Tunaweka tone kwenye sahani ndogo yenye chakula ambacho vijidudu vinakipenda, tunaifungia kwenye kabati lenye joto, tunangoja kuona kitakachoota.

Ninapongoja naomba unijibu, bila kuzunguka: Maji unayatoa wapi, na unayachemsha? Barafu unanunua kwa nani? Glasi unazisuuza vipi? Bi Mkubwa alipoharisha, kulikuwa na damu? Na zile dawa, alimaliza dozi yote?

Hilo la mwisho nalitaka kuliko yote.

Na tafadhali asionje tena kwa sasa. Najua utakasirika. Kasirika, lakini asionje.

Nimechoka, Mama. Kutwa nazunguka na boksi la barafu nanunua juisi kwa watu wanaonichekea kama unavyowachekea wateja wako. Wananiongezea kidogo juu ya glasi, wananiita dada. Narudi hapa naandika kwamba wanachouza si salama. Kesho yake napita, wapo pale pale, wananiita dada.

Mwanao.


Nyumbani,
tarehe 12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Wote wanakusalimu kama nilivyokutajia, sirudii, isipokuwa paka, ambaye amehamia kabatini.

Umeniuliza kama polisi. Haya, nakujibu kama mshitakiwa. Maji natoa kwenye tangi la jirani kama kila mtu. Kuyachemsha? Ndoo zote zile, kila asubuhi, kwa mkaa gani? Hakuna anayechemsha maji ya juisi mtaa huu. Barafu nanunua kwa wauza samaki, ndiyo, ile ile ya samaki, lakini mimi naiosha kwanza. Wengine hawaoshi. Glasi nasuuza kwenye beseni na maji nabadilisha yakichafuka. Wapo wanaongoja mpaka yawe mchuzi, siwataji, meza ya tatu. Damu ilikuwepo kidogo sana, kama uzi, na siku ile alikuwa amekula nyanya, kwa hiyo nadhani ni nyanya.

Maswali yako nimeyajibu.

Kuonja nimemkataza, kwa ajili yako. Alilia akajilaza chini mbele ya wateja, Bwana Tikiti akamwita, "Njoo mke wangu mdogo, hao wana roho mbaya," akampa glasi yake. Sasa nimfunge kamba? Jana alipata joto kidogo akakataa kula. Leo ameamka akaomba uji mwenyewe, nikafurahi, kisha akautapika juu ya viatu vya mteja wa baba yako. Baba yako alivisugua, akavipaka rangi, mteja akasema havijawahi kung'aa hivyo.

Mimi najua unachofikiria. Unafikiria mama yako mchafu. Mwanangu, waulize watu. Wapo wanaopita meza zote wakaja kwangu, wanasema, "Mama Embe, ya kwako haisumbui tumbo." Hayo hawakuyasoma chuoni, wameyasikia matumboni mwao. Naona chupa yangu inachelewa kuota. Pengine haina cha kuotesha.

Mimi mama yako.


Maabara,
tarehe 15 Februari

Mama,

Kaa chini kwanza. Msomee na Baba.

Juisi yako ina vijidudu vya kinyesi. Nisamehe, sina neno jingine. Hilo nililitarajia, kwa tangi lile na barafu ile. Umeiosha barafu kwa maji gani, Mama? Si hayo hayo ya tangi?

Lakini hicho sicho kilichoninyima usingizi. Vijidudu vikishaota tunaviwekea juu yake vipande vya karatasi vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, pembeni ya kifungo kunabaki duara tupu, vijidudu vimekimbia. Kwenye sahani yako hakuna duara. Vimeota mpaka vimegusa karatasi. Ile dawa ya rangi mbili ya Bwana Dawa, havikuijali kabisa. Nyingine inayoifuata, havikuijali. Mkuu aliniambia nimekosea, nikarudia. Nikarudia tena mbele yake, naye akatia saini.

Na kuna jambo ambalo hatujaliona kwenye chupa nyingine. Juisi za wengine zina vijidudu mchanganyiko, vya kufa kwa dawa na visivyokufa, kama watu sokoni, wezi na waungwana pamoja. Yako haina muungwana hata mmoja. Wamebaki majambazi watupu, kana kwamba kuna kitu kilipita kikawafagia wengine wote. Ni nini? Unaoshea nini hizo ndoo? Unatia nini?

Damu haikuwa nyanya. Mpeleke hospitali kubwa leo, si dukani. Waambie wapime choo chake na wakioteshe kama tunavyofanya sisi, wajue dawa inayofaa ndipo wampe. Waonyeshe barua hii.

Swali la mwisho hukulijibu. Nimesoma barua yako juu chini nikilitafuta jibu lake.

Mwanao.


Nyumbani,
tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Marahaba, kama uliniamkia, maana kwenye barua yako sikuiona shikamoo. Salamu za nyumbani na mimi naziruka, tuwe sawa.

Kinyesi! Nilimsomea baba yako, akaacha kugonga soli na nyundo ikiwa juu. Sasa nitakuambia kitu ambacho hukijui, kwa sababu ni siri ya kazi, na muuza juisi hampi mtu siri yake hata awe mwanawe wa kuzaa. Juisi yangu haiwezi kuwa na vijidudu. Haiwezi, kwa sababu mimi naitia dawa.

Ndiyo. Kila asubuhi nafungua vidonge vya rangi mbili, ule unga namimina kwenye ndoo ya maji, nakoroga, naacha utulie, ndipo natia embe na sukari. Huusikii mdomoni, embe inaufunika. Nilianza pale mteja aliponirudia ameshika tumbo, akanivua nguo mbele ya watu kwa maneno. Nikaapa kwamba hakuna atakayeumwa tena kwa mkono wangu. Bwana Dawa akaniambia, "Mama Embe, kama dawa inaua vijidudu tumboni, ndoo itaishindaje?" Nikajaribu. Malalamiko yakakoma, na juisi ikawa haichachi upesi. Ningekuwa mchoyo ningenyamaza nayo. Lakini nilimfundisha Mama Pasheni, nikamfundisha Bwana Tikiti pamoja na mdomo wake, sasa mtaa wote tunatia. Niambie ni mtaa gani mwingine unaowahurumia wateja kiasi hicho?

Na hilo swali lako la mwisho. Nililipita kwa sababu nilijua utaniita bahili. Mtoto alipoacha kuharisha nilimwachisha dawa. Amepona, namshindilia ya nini? Vilivyobaki sikuvitupa, dawa haitupwi. Nilivitia kwenye ndoo. Ndiyo hiyo chupa uliyoipima, na niliizidishia, kwa sababu ilikuwa inakwenda kwako.

Sasa wewe uliyesoma nieleze. Bwana Dawa ananiuzia feki? Niongeze, au niache hii nitie ile nyeupe kubwa?

Nijibu haraka, maana joto la mtoto limerudi. Hospitali kubwa tulikwenda. Foleni ilikuwa imetoka nje ya geti, tukakaa juani, mwisho wakasema tuje siku nyingine. Barua yako nilimwonyesha mlinzi, hakuna mwingine aliyenitazama. Nikapita kwa Bwana Dawa akanipa zile zile, akasema safari hii nimpe mbili mbili. Hataki kucheza. Babu alikohoa mbele yake makusudi, bila ruhusa. Hakusema kitu.

Mimi mama yako.


tarehe 18 Februari

Mama,

Usiongeze. Usibadilishe. Mwaga yote.

Dawa si feki. Kila siku umewaonjesha wale wezi na waungwana kidogo kidogo. Dhaifu wakafa, wagumu wakabaki wakaizoea, wakazaana na kuijaza ndoo. Wewe ndiye uliyewapa mafunzo. Kisha glasi ya kwanza ukampa mwanangu.

Simu yako imezimwa. Nimeomba ruhusa, naja kumchukua. Barua hii na mimi tunapanda basi moja, kwa hiyo sijui naiandika ya nini. Naiandika nisije nikayasema haya kwa mdomo mbele ya Baba.


Nyumbani,
tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Hukuwa na haja ya kuandika. Kwa mdomo uliyasema vilevile, na mengine juu yake.

Hatujambo hapa, kama kutokufa ni kutokujambo. Ulimbeba mwanao kichwa kinaning'inia begani kwako, ukaliwahi basi lile lile lililokuwa linageuza. Hukukaa. Hukunywa hata maji. Baadaye nikafikiri kwa nini hukunywa maji ya nyumba yangu, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Nimemwaga. Ndoo zote nimezimimina mtaroni, wifi yako akasema haya, sasa hata mtaro umepata dozi, nikacheka kidogo, kisha nikakasirika naye kwa nini amenichekesha. Meza yangu haina kitu. Wateja wanakuja wananiuliza, "Mama Embe, unaumwa?" Nawaambia ndiyo.

Nilikwenda kwa Mama Pasheni. Nikamwambia, "Shoga, tuache kutia vidonge." Akanitazama kama mtu aliyenikuta nazungumza na ukuta. "Mwaka jana ilikuwa dawa, leo imekuwa sumu?" Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, kwamba vijidudu vinaizoea. Akapiga makofi. "Ndiyo maana! Ndiyo maana Bwana Dawa anasema tuongeze!" Nikamwambia hapana, siyo hivyo, ndiyo kinyume. Akasema, "Shoga, mtoto amekuugulia, pole sana, nenda kapumzike." Alinipa na pasheni tatu niende nazo.

Bwana Tikiti alicheka mpaka akashika meza. Alisema mbele ya wateja wake, "Jamani mtazameni Mama Embe. Biashara imemshinda, sasa anatutisha. Si ni wewe uliyenishika kidole ukanionyesha namna ya kukifungua kidonge kwa ukucha? Au umesomea udaktari kwa barua?" Watu wakacheka. Na ni kweli nilimshika kidole.

Nikaenda kwa Bwana Dawa mwenyewe. Ana kopo pale mbele, ameliandika kwa kalamu nene YA JUISI. Nikamwambia wewe ndiye uliyeniambia. Akasema, "Mama, mimi nauza. Mimi sikorogi." Huku anamhudumia mwingine. Nilisimama pale nikiwa na maneno mengi na sina hata moja la kumshinda. Wewe ungekuwa nayo. Mimi kila nikieleza naona yanatoka mdomoni yamepinda.

Simu zangu hupokei. Sikulaumu. Niandikie neno moja tu, joto limeshuka au halijashuka? Baba yako haulizi, lakini kila basi likifunga breki anainua kichwa.

Mimi mama yako, kama bado.


Hospitali, wodi ya watoto,
tarehe 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Safari hii naanza na shikamoo. Mwamkie na Baba, mpe kaka na wifi salamu.

Joto limeshuka.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na cha kuandika. Walipootesha choo chake walikuta vijidudu vya sura ile ile ya kwenye chupa yako. Dawa ya kwanza haikushika. Ya pili haikushika. Madaktari wakaanza kuzungumza wakitazama faili badala ya kunitazama mimi, na mimi najua maana yake, maana mimi ndiye ninayewaandikia majibu yanayowafanya wainamishe macho. Ya tatu ni ya kwenye mshipa, inatolewa kwa tahadhari kwa sababu ndiyo ya akiba. Hiyo imeshika. Jana alimwambia muuguzi aombe ruhusa kabla ya kumchoma. Nilikwenda kulilia chooni.

Kitanda cha jirani kuna mtoto mdogo kuliko wangu. Mama yake aliniuliza wa kwangu anatumia dawa gani, mbona anaamka na wa kwake haamki. Akaniuliza tena alikula nini mpaka akaugua. Nikamwambia sijui. Mimi, Mama, ambaye kazi yangu ni kujua.

Niliyoyasema siku ile siyajutii maneno, naijutia sauti. Baba hakustahili kuisikia.

Mkuu wangu amenivumilia, sasa ananitaka kazini. Mtaani kwangu hakuna ninayemwamini kumwachia mtoto kutwa, na wodini hawatuweki zaidi. Nimefikiri sana. Nitamleta kwako Jumamosi kwa basi la asubuhi. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kweli kweli. Nunua sabuni ya kunawia mikono. Najua sasa utafanya, ndiyo maana namleta.

Mwanao.


Nyumbani,
tarehe 6 Machi

Kwa binti yangu mpenzi,

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Barua yako aliileta dereva mwenyewe mpaka mlangoni, nikamwambia aisome yeye kwa sababu miwani ilikuwa imejaa maji. Aliposoma "joto limeshuka" baba yako alisimama, akavaa viatu, akatoka, akarudi, akavua, akakaa. Hakusema alikuwa anakwenda wapi. Kaka yako amepiga kengele za baiskeli zote zilizopo gereji. Wifi yako amekusamehe kitambaa. Mama Pasheni amelia na mimi, Bwana Tikiti amesema mke wake mdogo ana damu ya ukoo mgumu.

Maji nachemsha. Sabuni ipo mlangoni, hapiti mtu bila kunawa, hata baba yako ananawa huku ananung'unika. Kitanda cha mtoto nilikitandika palepale nilipomaliza barua yako. Kisha nikakaa juu yake nikafikiri. Nikakitandua.

Mwanangu, usimlete.

Soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu. Nyumba yangu naiweza, mtaa siuwezi. Huyu mtoto si wangu peke yangu hapa, kila meza ina glasi yake. Nikimzuia huku atanyweshwa kule, wala si kwa ubaya, kwa mapenzi. Na hawajaacha. Mama Pasheni alinihurumia akajaribu siku moja bila vidonge, juisi ikachacha mchana, wateja wakamrushia maneno, kesho yake akarudia. Siwezi kumlaumu, anakula kwa meza ile. Bwana Tikiti sasa anachanganya za rangi mbili na zile nyeupe kubwa, anasema zikiwa mbili vijidudu havijui vikimbilie wapi.

Nilimtafuta afisa wa afya. Nilimfuata ofisini mpaka akaja, nikafurahi, nikasema leo ndiyo leo. Alizunguka akatazama kama ndoo zina vifuniko. Nikamweleza habari ya vidonge, akanisikiliza vizuri tu, huku anakunywa glasi ya pasheni aliyopewa bure, yenye barafu. Alipomaliza akaniambia, "Mama, wewe ndoo yako mbona haina kifuniko?" Nikamwambia mimi siuzi tena. Akasema, "Basi mambo yako safi," akaondoka.

Uliandika kwamba dawa ya tatu ndiyo ya akiba. Nimetafuta kwenye barua habari za ya nne. Haipo. Hukuisahau wewe, nakujua.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Wifi yako amekubali kuja kukaa na mtoto huko kwako, mzigo ameshafunga, kaka yako ananung'unika lakini amekubali. Chakula cha kaka yako nitapika mimi. Ungeniuliza kwa nini nisije mwenyewe, na Mungu anajua mguu mmoja tayari uko kwenye basi. Lakini nikiondoka hapa hakuna mwingine wa kulisema hili. Nakaa pale mezani kwangu, meza tupu, na kila anayepita kwenda kununua namwambia, "Muulize kwanza ametia nini." Wengi wananiita mwendawazimu. Bwana Tikiti ananiita Mama Mkosi. Jana mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama, akamuuliza kweli. Bwana Tikiti akamjibu kwa fahari, "Natia dawa, mama, usiogope." Yule mwanamke akafurahi, akanunua glasi mbili.

Nilitaka kulia pale pale. Lakini leo nimeamka nimekwenda tena kukaa.

Siku mtaa huu utakapokuwa wa kuletewa mtoto nitakuandikia mimi mwenyewe, na usimsikilize mtu mwingine atakayekuambia kabla yangu, hata baba yako. Bi Mkubwa mwambie bibi hajamkataa. Mwambie lolote linalofaa kwa mtoto, wewe unajua lugha yake, ila usimwambie nimekitandua kitanda.

Dereva nimemwambia akungoje getini mpaka umpe jibu mkononi, na asiondoke hata ukimfukuza. Usikate tiketi ya Jumamosi. Andika tu kwamba wifi yako aje. Nijibu upesi, mwanangu, kabla sijabadilisha mawazo.

Mimi mama yako.